Jinsi Mji Unavyoomba Ruzuku ya Jimbo la California kwa Ajili ya Mipango ya Makazi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Waswahili wanaoishi California huuliza maswali yale yale kuhusu jambo hili, hasa walioajiriwa karibuni katika idara za mipango miji, walioteuliwa katika kamati za mipango, au wanaoongoza vikundi vya wapangaji. Wanataka kujua mji mdogo usio na akiba unapataje ruzuku ya jimbo ili upange makazi zaidi, nani anapaswa kuandaa ombi, na kwa nini ombi lililoonekana kamili hurudishwa. Mwongozo huu unajibu kwa kufuata kazi yenyewe, tangu siku tangazo la fedha linapotolewa hadi siku ankara ya mwisho inapolipwa.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa maana bila hilo hatua zote zinazofuata hazitakufaa. Ruzuku za mipango hazijengi nyumba hata moja. Zinalipia kazi ya kubadili kanuni, ramani na taratibu zinazozuia nyumba kujengwa. Kwa hiyo ofisa wa jimbo anayesoma ombi lako anatafuta kujua ni kanuni gani ya mji wenu itakuwa imebadilika baada ya fedha kutumika, na ni nyumba gani zitaweza kupata kibali ambazo leo haziwezi. Ombi linaloeleza kwa kurasa tatu jinsi kodi za nyumba zilivyopanda, kisha likaeleza kazi yenyewe kwa aya moja, limekosa uwiano. Shida ya makazi jimbo linaijua vizuri: katika mzunguko wa sita wa mipango ya makazi limeiagiza miji na kaunti zake kutenga nafasi za nyumba zipatazo milioni 2.5, na angalau milioni moja kati ya hizo ziwe za watu wa kipato cha chini.

Fedha zinatoka wapi

Fedha hizi husimamiwa na Idara ya Makazi na Maendeleo ya Jamii ya jimbo, ambayo wengi huiita HCD. Mifano ya mwongozo huu inatoka katika programu mbili. Ya kwanza ni ruzuku za mipango za SB 2, sheria ya mwaka 2017 iliyoweka ada ya dola 75 kwa hati nyingi za ardhi zinazosajiliwa, isiyozidi dola 225 kwa muamala mmoja. Nusu ya makusanyo ya mwaka wa kwanza ilitengwa kwa ajili ya mipango. Ya pili ni LEAP (Local Early Action Planning), programu ya ruzuku za mipango kwa serikali za mitaa iliyoanzishwa kupitia bajeti ya jimbo ya mwaka 2019. Madirisha ya maombi ya programu zote mbili yamekwisha kufungwa. Hata hivyo, ukizielewa fomu, viambatisho na masharti yake, tangazo jipya halitakutisha, kwa sababu utaratibu unafanana sana.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Usianze kuandika kabla hujakusanya vitu hivi:

- Tangazo kamili la upatikanaji wa fedha pamoja na mwongozo wa programu, yaani nyaraka zenyewe na si muhtasari uliotumiwa na mtu.
- Sura ya makazi ya mpango mkuu wa mji, yaani sehemu inayoeleza jinsi mji utakavyotenga nafasi za nyumba, pamoja na barua ya jimbo inayosema kama sura hiyo inakidhi sheria au la.
- Ripoti za mwaka za utekelezaji wa sura hiyo, na ushahidi wa tarehe zilipopelekwa.
- Kalenda ya vikao vya halmashauri ya mji na tarehe za mwisho za kupeleka taarifa kwa katibu wa mji.
- Mtu mmoja wa idara ya fedha ambaye amekubali, kwa maandishi, kufuatilia matumizi ya ruzuku.

Kitu cha mwisho ndicho kinachosahauliwa zaidi. Watu wa mipango hufurahia ombi, kisha watu wa fedha wanalisikia kwa mara ya kwanza mkataba unapofika mezani.

Hatua za kufuata

1. Soma tangazo lote, kisha lisome tena ukiandika pembeni. Tafuta mambo matano: nani anastahili, kiwango cha chini na cha juu cha fedha, tarehe ya mwisho, kazi zinazokubaliwa, na tarehe ambayo gharama zinaanza kuhesabiwa. Viwango hutegemea idadi ya watu. Chini ya SB 2, mji wenye watu pungufu ya 60,000 uliweza kupata hadi dola 160,000, wenye watu kati ya 60,000 na 200,000 hadi dola 310,000, na uliozidi hapo hadi dola 625,000. LEAP iligawa madaraja kwa undani zaidi: mji wenye watu chini ya 20,000 ulikomea dola 65,000, wenye watu 20,000 hadi 59,999 ulikomea dola 150,000, na miji mikubwa yenye watu 750,000 au zaidi ilifikia dola milioni 1.5. Kiwango cha chini katika programu zote mbili kilikuwa dola 25,000.

Zingatia pia kama fedha zinashindaniwa. Katika programu hizi mbili hazikushindaniwa, kwa maana kwamba mji uliotimiza masharti ulipata fungu lake. Fedha zikiwa za aina hii, usitumie nguvu kuupamba mji wenu ili uonekane bora kuliko jirani, bali hakikisha hakuna sharti hata moja lililoachwa.

2. Hakikisha mji una sifa. Sheria ya California inautaka kila mji uwe na sura ya makazi ndani ya mpango wake mkuu, inayohuishwa kwa kawaida kila baada ya miaka minane, na upeleke ripoti ya mwaka ifikapo tarehe 1 Aprili. SB 2 ilidai sura inayokidhi sheria pamoja na ripoti iliyowasilishwa. LEAP ilikuwa na mlango mpana zaidi, hata ikaruhusu fedha zitumike kuandaa sura ya makazi yenyewe. Kwa hiyo mji ambao sura yake haijakubaliwa usikate tamaa kabla ya kusoma masharti ya tangazo husika. Ripoti iliyochelewa ipelekwe leo hii, kwa kuwa ni kazi ya siku chache ambayo inaweza kukufungia mlango wa fedha nyingi.

3. Chagua kazi moja au mbili, na uzichague kutoka ndani ya sura ya makazi. Hii ndiyo hatua inayoamua thamani ya ombi zima, kwa hiyo itoe muda kuliko nyingine zote.

Fungua sehemu ya sura ya makazi inayoorodhesha ahadi za mji. Humo utakuta mambo ambayo halmashauri ilikwisha kuyakubali lakini hayajatekelezwa kwa kukosa watu au fedha. Ombi linaloazima ahadi hizo huwa na nguvu mara mbili, kwa kuwa jimbo linaona kazi iliyokwisha kuafikiwa na madiwani wanaona wanatimiza neno lao.

SB 2 iliainisha maeneo ya kipaumbele, na mji uliochagua mojawapo ulihesabiwa moja kwa moja kuwa kazi yake inaharakisha ujenzi wa nyumba. Aliyechagua nje ya maeneo hayo alilazimika kuthibitisha uhusiano huo mwenyewe. Miongoni mwa maeneo ya kipaumbele yalikuwamo kubadili matumizi ya ardhi ili nyumba zinazofuata kanuni zipate kibali bila kupitia kura ya kamati, kuweka vigezo vya usanifu vinavyopimika, kurahisisha nyumba za uani, kuharakisha ushughulikiaji wa vibali, na kuandaa mipango ya maeneo mahususi ambayo tathmini yake ya mazingira inafanyika mara moja kwa eneo zima.

Kazi mbili ninazipendekeza kwa mji mdogo unaoomba kwa mara ya kwanza. Moja ni nyumba za uani, yaani nyumba ndogo ya pili katika kiwanja chenye nyumba kubwa. Sheria ya jimbo inataka ombi kamili la nyumba ya namna hiyo liamuliwe ndani ya siku 60, na sheria ya mwaka 2023 iliitaka miji na kaunti iwe na utaratibu wa kuidhinisha michoro ya nyumba hizo mapema kufikia tarehe 1 Januari 2025. Ruzuku inaweza kulipia marekebisho ya kanuni za mji na maandalizi ya michoro ambayo mwananchi ataichukua dirishani badala ya kumlipa msanifu kwa kila mstari.

Nyingine ni vigezo vinavyopimika. Chukua kanuni inayosema kwamba jengo jipya “lipatane na hadhi ya mtaa”. Watu wawili wakiisoma wataipa maana mbili, na jirani asiyetaka ghorofa ataitumia kuahirisha kikao baada ya kikao. Sasa iandike hivi: “Ukuta unaotazama barabara ukizidi futi 40 kwa urefu, uwe na sehemu iliyorudi nyuma si pungufu ya futi 2.” Hapo ofisa anashika rula, anapima mchoro, na anatoa jibu lile lile ambalo mwenzake angetoa. Sheria za California hukieleza kigezo kinachopimika kuwa ni kile kisichohitaji maoni binafsi ya ofisa, na ambacho mwombaji na ofisa wote wanaweza kukihakiki kwa kipimo kilichokwisha kujulikana. Hesabu ni maneno mangapi kama “hadhi”, “mvuto” na “mwafaka” yamo katika kanuni za mji wenu. Kila moja ni mahali ambapo nyumba zinaweza kukwama.

*Onyo:* Usiombe fedha kwa ajili ya kazi tano ndogo ndogo. Kila kazi inahitaji ratiba yake, bajeti yake na ushahidi wake wa kukamilika, na ofisi yenye watu watatu haitazimaliza.

4. Andika maelezo ya kazi kwa vitendo. Kila kipengele kianze na kitendo na kiishie na kitu kinachoshikika: rasimu ya kanuni, ramani, taarifa ya tathmini ya mazingira, kanuni iliyopitishwa na halmashauri. “Kufanya utafiti wa fursa za makazi” ni kipengele dhaifu, kwa sababu hakina mwisho unaoonekana. “Kuandaa na kuwasilisha kwa halmashauri rasimu ya kanuni inayoruhusu nyumba za ghorofa tatu katika viwanja vya biashara vya barabara kuu” ni kipengele kinachoeleweka.

Katika ratiba, acha nafasi ya kutosha kwa vikao vya hadhara, mapitio ya mwanasheria wa mji, kikao cha kamati ya mipango na vikao vya halmashauri. Kanuni ya mji kwa kawaida husomwa katika vikao viwili kabla ya kupitishwa, kisha husubiri siku 30 ndipo ianze kutumika. Ratiba isiyohesabu muda huo huwa imechelewa tangu siku ya kwanza.

5. Tengeneza bajeti inayolingana na maelezo ya kazi. Majina ya vipengele katika bajeti yawe yale yale yaliyo katika maelezo, neno kwa neno. Mfano wa mji wa watu 45,000 unaoomba dola 150,000 ni huu: mshauri elekezi wa kuandika kanuni na kuchora ramani dola 96,000, tathmini ya mazingira dola 30,000, vikao vya hadhara, tafsiri na ukalimani dola 16,500, usimamizi dola 7,500. Usimamizi hapo ni asilimia 5 ya ruzuku, ambayo ndiyo iliyokuwa kikomo katika programu hizi. Anayeomba asilimia 10 kwa ajili ya usimamizi atarudishiwa fomu.

Fungu la tafsiri na ukalimani usilikate. Katika mitaa kama City Heights, San Diego, wanaishi wakimbizi kutoka Kongo na Somalia, wengi wao wakiwa wapangaji, na mabadiliko ya matumizi ya ardhi yanawagusa kabla ya kumgusa mwenye nyumba. Kikao kinachoendeshwa kwa Kiingereza peke yake, saa za kazi, huwasikia watu wale wale wanaohudhuria kila mara, na kanuni inayotoka humo huwatumikia wao.

6. Pata azimio la halmashauri mapema. Azimio ni uamuzi rasmi wa madiwani unaouruhusu mji kuomba fedha na kumpa mtu mamlaka ya kutia saini. Ndicho kiambatisho chenye makosa mengi kuliko vyote, na bahati mbaya ndicho kisichoweza kusahihishwa kwa haraka, kwa sababu lazima madiwani wakae tena.

Tumia kielelezo cha azimio kilichotolewa na jimbo na usikibadilishe ila pale penye nafasi ya kujaza. Mtia saini atajwe kwa cheo chake, kwa mfano “Meneja wa Mji”, na si kwa jina. Akihama kazi, azimio lenye jina lake halimsaidii mrithi wake. Kiasi kinachotajwa kisipungue kile kilicho katika fomu. Idadi ya kura za ndiyo, za hapana, za wasiopiga na za wasiohudhuria ijazwe yote, hata kama ni sifuri. Anayethibitisha azimio, ambaye kwa kawaida ni katibu wa mji, asiwe ndiye huyo huyo aliyepewa mamlaka ya kutia saini.

Halafu kuna suala la muda. Sheria ya vikao vya wazi ya California, inayojulikana kama Brown Act, inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe angalau saa 72 kabla. Miji mingi hudai taarifa ya ofisa imfikie katibu wiki mbili au tatu kabla ya hapo. Kwa hiyo rudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho ya jimbo, toa wiki moja ya dharura, chagua kikao kinachotangulia, kisha toa wiki tatu za maandalizi. Tarehe utakayoipata ndiyo tarehe yako halisi ya mwisho.

Madiwani wakiuliza kama kuomba ruzuku kunahitaji tathmini ya mazingira, jibu ni kwamba masomo ya mipango ambayo bado hayajaidhinisha hatua yoyote yamesamehewa chini ya sheria ya mazingira ya jimbo, CEQA. Kupitisha kanuni zenyewe baadaye ni jambo jingine, na hapo ndipo tathmini inaweza kuhitajika.

7. Wasilisha ombi. Kabla ya kutuma, mpe faili mtu ambaye hakushiriki kuliandika na umwombe alinganishe mambo manne: kiasi cha fedha katika fomu, bajeti na azimio, majina ya vipengele, saini, na jina rasmi la mji lilivyoandikwa katika kila ukurasa, pamoja na fomu ya utambulisho wa kodi. “Mji wa” mahali fulani na “Manispaa ya” mahali pengine yanatosha kuchelewesha mkataba. Tuma siku chache kabla ya mwisho, na uhifadhi uthibitisho wa kupokelewa.

8. Simamia mkataba na urudishiwe gharama. Fedha hizi haziji zote mkononi. Mji hufanya kazi, hulipa kwanza, kisha hupeleka madai na kurudishiwa. Ndiyo sababu idara ya fedha ilihitajika tangu mwanzo: ni lazima halmashauri itenge fedha za kutangulia katika bajeti yake, la sivyo mshauri elekezi atasimamisha kazi kwa kukosa malipo.

Usimwambie mshauri aanze kazi kabla ya kuhakikisha ni tarehe gani gharama zinakubaliwa. Kazi iliyofanyika nje ya muda unaokubaliwa hulipwa na mji wenyewe. Mpate mshauri kwa utaratibu wa zabuni wa mji, ukiwa na hadidu za rejea zilizonakiliwa kutoka katika maelezo ya kazi yaliyokubaliwa. Katika mkataba wake andika kwamba kila ankara ionyeshe kipengele, saa na jina la aliyefanya kazi. Ankara yenye mstari mmoja usemao “huduma za mwezi Machi” itakurudia.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Kikao cha halmashauri kimeahirishwa na tarehe ya mwisho imekaribia.* Mwombe meneja wa mji na meya waitishe kikao maalumu, ambacho ajenda yake inaweza kubandikwa saa 24 kabla. Wakati huo huo mwandikie ofisa wa programu wa jimbo umweleze hali ilivyo. Usiwasilishe ombi lisilo na azimio kwa kutumaini kwamba hawataona.

*Zabuni zote zimezidi bajeti.* Punguza upana wa kazi wala si ubora wake, kwa mfano barabara moja kuu badala ya mbili, kisha uombe marekebisho ya mkataba kwa maandishi kabla ya kusaini na mshauri. Jimbo hukubali marekebisho yenye sababu kwa urahisi zaidi kuliko kazi iliyobadilishwa kimyakimya. Uliza pia jumuiya ya serikali za mitaa ya eneo lenu, kama SCAG kwa kaunti sita za kusini au ABAG kwa eneo la ghuba ya San Francisco, kama ina msaada wa kitaalamu wa bure.

*Aliyeandika ombi ameacha kazi.* Hili hutokea mara nyingi, kwa kuwa ruzuku huchukua miaka. Tangu siku ya kwanza weka folda moja ya pamoja yenye mkataba, marekebisho, barua za jimbo, ankara na uthibitisho wa malipo, na uwe na watu wawili wanaoijua.

*Wakazi wanapinga mabadiliko.* Tenganisha mambo mawili katika majibu yako. Wanaohofia kuhamishwa kwa sababu kodi zitapanda wana hoja ya msingi, na maelezo ya kazi yanaweza kuongezewa kipengele cha kuwalinda wapangaji. Wanaopinga nyumba yoyote mpya waelezwe kwa heshima kwamba wajibu wa kutenga nafasi za makazi umewekwa na sheria ya jimbo, na kwamba ruzuku inaupa mji nafasi ya kuamua zikae wapi na kwa sura gani. Mkazi anayetaka kuzungumza kwa Kiswahili akumbuke kwamba, pale ambapo muda wa maoni umewekewa kikomo, anayetumia mkalimani anastahili angalau muda maradufu, isipokuwa kama kuna vifaa vya ukalimani wa papo kwa papo. Amwambie katibu wa mji kabla ya kikao.

*Marejesho yamechelewa.* Hakikisha kwanza kwamba dai lilikuwa kamili, likiwa na ankara, uthibitisho kwamba mji umelipa, na nakala ya kazi iliyokamilika. Peleka madai kila robo mwaka badala ya kungoja mwisho, ili kasoro ionekane ikiwa bado ndogo. Dai la mwisho liambatane na taarifa ya kukamilika kwa kazi na nakala ya kanuni iliyopitishwa, yenye namba yake na tarehe yake.